Opereta Aliyesikiliza Vidole

Ukimpelekea Opereta rimoti yako, jambo la kwanza ni kwamba alikufutia kila kitu. Hakuuliza umeishi na vipimo hivyo miezi mingapi, wala nani alikuwekea. Alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akahesabu kimoyomoyo, kioo kidogo kikazima na kuwaka upya, na jasho lako lote likawa limekwenda na maji. Halafu alikutazama juu ya miwani yake iliyofungwa kwa uzi wa kushonea viatu, akasema, "Haya, sasa tuanze kuambiana ukweli." Nimeona wanaume wazima wenye ndevu zao wakitaka kulia mbele ya yule mama.

Sijui alizaliwa wapi, na ukoo wake sikuuliza. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, likitajwa kanisani kwa ajili ya michango, nikageuka kutafuta ni nani. Kwetu alikuwa Opereta. Alikaa Shanwe, hapa Mpanda, nyumba ya mabati yenye mlango wa kijani, na kila Jumapili mchana alitembea kwa miguu mpaka Kawajense, kwenye kiwanja cha kifusi kilichoachwa na mkandarasi wa barabara. Hapo ndipo sisi tunaposhindanisha magari.

Niseme mapema, maana najua watu wanavyocheka: si midoli ya watoto. Ni magari yanayolingana na mkono tangu kiwiko hadi ncha za vidole, yana shokapu zake na gia zake, na likikugonga mguu utachechemea wiki nzima. Mpima barabara mmoja alituachia mawili siku alipohama. Mengine tuliyaagiza Dar, yakaja na basi yakiwa yamefungwa kwenye maboksi. Yupo bwana mifugo, yupo nesi wa zahanati, wapo mafundi simu, na nipo mimi. Rimoti zenyewe si kama za televisheni. Unaishika kama bastola, kifyatulio ndicho mafuta na breki, na ubavuni kuna kigurudumu cha sponji, ndicho usukani. Ndani yake mna vipimo vingi kuliko viungo vya pilau: gari likate kona kwa kiasi gani, breki ishike kwa nguvu gani, usukani uwe mwepesi au mzito wa kusikia. Ukikosea kimoja, gari zuri linageuka punda.

Na Opereta hakuwahi kuendesha hata siku moja. Hilo ndilo lililonishangaza mwanzo, na mpaka leo sijalizoea. Tulimbembeleza. Nesi alimwekea rimoti mkononi kabisa, akairudisha kana kwamba amepewa mtoto wa watu aliyejisaidia. "Mimi ni mtu wa kupokea," alisema. "Nyie tumeni."

Siku ya kwanza, kama wenzangu walivyonisimulia, alikuwa anapita zake tu. Alitoka kwenye jumuiya, kitenge begani, kitabu cha nyimbo kwapani, akasimama kwenye ukingo wa kiwanja kwa muda ambao ungetosha kupika ugali. Wao walidhani anataka kuwakemea kwa makelele. Kisha akamwendea nesi, ambaye ndiye aliyekuwa anaongoza.

"Mwanangu, hilo gari jekundu unapigana nalo."

"Hapana, Mama, linaenda vizuri tu. Si unaona nimewaacha?"

"Gari linaenda. Wewe ndiyo huendi. Kidole gumba chako kinasukuma kulia muda wote, hata pale barabara imenyooka. Ukilala kinakuuma."

Nesi akasimamisha gari katikati ya mbio. Kila Jumapili alikuwa anakwenda kulala na kidole kimevimba, na alikuwa hajamwambia mtu. Walipolipindua lile gari wakakuta kijiti cha usukani upande mmoja kimepinda, naye alikuwa akikificha kwa kitufe tunachokiita trimu, kile cha kunyoosha gari linalovuta upande. Amebonyeza trimu mpaka imefika mwisho, kilichobaki anakimalizia kwa kidole. Opereta hakujua trimu ni nini siku ile. Walipomweleza, alisema tu, "Mficha maradhi kifo humuumbua," akaomba kile kijitabu cha maelezo kilichokuja na rimoti. Alikaa nacho wiki mbili. Kiingereza chake kilikuwa cha ofisini, na mahali pengine palikuwa na Kichina kitupu, lakini aliporudi alijua mambo ya rimoti zetu ambayo wenye mali wenyewe hawakuwa wanayajua.

Uwezo huo aliutoa kwenye kazi yake. Kabla simu za mkononi hazijafika kila kijiji, ofisi moja ya serikali hapa mjini ilikuwa na redio koo ya kuongea na kambi za porini, na yeye ndiye aliyekaa mbele yake mpaka alipostaafu. Kwenye redio koo, mtu wa huko porini lazima abonyeze kitufe kwanza ndipo aongee. Opereta alituambia kwamba kati ya kubonyeza na kuongea kuna pumzi moja, na katika pumzi ile mtu hana muda wa kujipanga. Kuna mzee aliyekuwa akiendesha gari la ofisi hiyo, naye alinisimulia jambo ambalo Opereta mwenyewe hakuwahi kulitaja. Asubuhi moja redio ililia: kitufe kikabonyezwa, kikaachiwa, kikabonyezwa tena. Hakuna sauti. Opereta akageuka akamwambia, "Washa gari, beba na mganga." Mtu wa kambini alipokuja kupata sauti ya kusema ameumwa na nyoka, gari lilishatoka getini. Nilimuuliza Opereta alijuaje. Akafikiri kidogo, akasema, "Alibonyeza kama mtu anayeuegemea mlango asianguke." Akaendelea kumenya karanga zake.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kusimama mbele yetu na rimoti zetu za betri. Alikuwa na namna moja ya kufanya kazi na hakuibadili kwa ajili ya mkubwa wala mdogo. Aliweka ndoo mbili uwanjani, akakuambia uzizungushe gari kwa kuandika namba nane, na yeye akasimama akikutazama wewe, mgongo kaligeuzia gari. Gari alilisikiliza tu. Macho yalikuwa kwenye vidole vyako. Baada ya mizunguko kadhaa alinyoosha mkono, akabadili kitu kimoja, kwa namba moja, akakurudishia. Nane tena. Kimoja tena. Ukimwomba aharakishe, abadili usukani na breki kwa mpigo, alikuuliza, "Ukitia chumvi na ndimu kwa pamoja, mchuzi ukiharibika utamlaumu nani?" Jua la Mpanda linakuchoma utosi na wenzako wanakusubiri, lakini hakuna aliyethubutu kuondoka. Ilipofika saa kumi gari lako lilikuwa linakwenda unakofikiria kabla hujamaliza kufikiria. Sijui nilieleze vipi. Nimeendesha magari makubwa nusu ya maisha yangu, na sijawahi kuwa na gari lililonisikia kama lile.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alipenda umbea kuliko chai. Alidai ukweli kutoka kwa kila mtu lakini kwenye drafti aliiba kete mchana kweupe, na ukimkamata alicheka mpaka anakohoa. Na masikio yale, masikio yaliyoweza kutofautisha mota ya bwana mifugo na ya fundi simu kwa mlio tu, hayakumsaidia lolote kwenye kwaya. Aliimba sauti ya pili, na hakuna aliyewahi kujua ni sauti ya pili ya wimbo gani. Kiongozi wa kwaya alikuwa anamweka nyuma, karibu na dirisha, ili nusu ya sauti itoke nje. Yeye alijua, na hakujali. "Mungu ana masafa yote," alisema.

Mazungumzo nayo aliyaendesha kama kazi. Ukimumunya maneno alisema "Rudia," na hakuwa na haya kulisema hata msibani. Ukimaliza kueleza jambo alisema "Nimekupata," na akisema hivyo ujue kweli amekupata, hata yale uliyoyaruka.

Kulikuwa na swali moja alilomuuliza kila aliyeleta gari jipya, kabla hajagusa chochote: "Gari likikupoteza, litafanya nini?" Maana kuna wakati gari linakuwa mbali, au betri ya rimoti inakufa, na mawasiliano yanakatika. Gari halikusikii tena. Katika nukta hiyo linafanya kile ulichokuwa umelifundisha siku ulipoliunganisha na rimoti yake. Ukilifundisha breki, linasimama. Opereta alikufanya ulinyanyue gari juu ya tofali, magurudumu yazunguke hewani, kisha uzime rimoti yeye akiona. Yasiposimama, hukuingia uwanjani.

Bwana mifugo aliona huo ni uoga wa kike. Alikuwa ameunganisha gari lake nyumbani kwa haraka huku kidole kikiwa kwenye kifyatulio, na gari likahifadhi hivyohivyo: nikikupoteza, mafuta mpaka mwisho. Jumapili hiyo Opereta alichelewa kwa sababu ya ubatizo, bwana mifugo akaona afadhali. Gari lilipofika upande wa pili wa kiwanja likampoteza. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Aliivuta breki, akaivuta tena, akaitikisa rimoti, na gari likazidi kwenda, likaruka ukingo, likaingia kwenye jiko la mama anayetuuzia maharage. Sufuria ikapinduka. Mama yule alikuwa ameinuka sekunde hiyo kumfuata mteja, vinginevyo ningekuwa naandika mambo mengine. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Opereta alitokea na gauni lake la ubatizo, akatazama maharage yaliyomwagika. Tangu siku hiyo bwana mifugo, ambaye kwa umri wanakaribiana, akawa anamwamkia shikamoo, naye akawa anaitikia marahaba bila hata kutabasamu.

Sasa nije kwangu, maana siwezi kumweleza Opereta nikauficha mkono wangu.

Nilikuwa dereva wa Fuso. Nilibeba tumbaku kutoka Inyonga, msimu hadi msimu, na barabara ile niliijua mashimo yake kama najua meno yangu kwa ulimi. Siku moja mchana, vumbi la lori lililonitangulia lilikuwa halijatulia, nikaingia ndani ya kundi la ng'ombe. Mtu hakuumia. Lakini ng'ombe walikufa wengi, na wengine hawakufa upesi. Mimi ni Msukuma, nimezaliwa kwenye mazizi, baba yangu alihama na ng'ombe wake mpaka huku Katavi akiwatangulia kwa miguu. Alipopigiwa simu aliuliza kwanza wamekufa wangapi, kisha ndiyo akauliza kama mimi nipo. Sikumlaumu. Mwenye kundi alikaa chini barabarani na shuka lake, akawa anawaita mmoja mmoja kwa jina, na mimi nimesimama pale na funguo mkononi. Niliona mkono wa kulia unacheza. Nikadhani utaacha jioni.

Haukuacha. Mezani ulitulia, kwenye jembe ulitulia, lakini nikishika usukani ulitetemeka mpaka bega. Bosi alinionea huruma akaniweka stoo, nihesabu magunia na kamba. Mara nyingine mchana, watu wakienda kula, nilipanda kwenye Fuso lililozimwa uani, nikaweka mkono kwenye usukani, nikautazama ukitetemeka, nikashuka. Sikujua kazi nyingine. Nilichotaka duniani kilikuwa kimoja, kuendesha tena, na niliona aibu hata kukisema.

Bwana mifugo ndiye aliyekuja kukagua mizoga siku ile, na ndiye aliyenivuta Kawajense. "Njoo ushike kausukani kadogo," aliniambia, "uone kama kenyewe kanakuogopesha." Niliazima gari lake la zamani. Kalinitetemesha vilevile. Gari lilikwenda kama mlevi wa komoni, watu wakacheka, nami nikacheka nao ili nisionekane.

Opereta hakucheka. Alikuja akasimama mbele yangu, mgongo kwa gari.

"Unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa dereva, Mama."

"Rudia."

"Nilikuwa dereva."

"Haya, Dereva, lete rimoti."

Aliifuta. Ndoo mbili, namba nane. Kisha akaniuliza lile swali lake, gari likikupoteza litafanya nini, lakini hakuwa anatazama gari la bwana mifugo. Nilimwelewa. Nikamwambia kile ambacho sikuwa nimemwambia mtu, hata polisi: kwamba nilipowaona wale ng'ombe niliganda, na mguu ulibaki kwenye mafuta. Akasema, "Nimekupata." Hakunipa pole.

Kuna kipimo tunakiita ekspo. Ukikiongeza, usukani unakuwa mgumu wa kusikia pale katikati, kwa hiyo mtikisiko mdogo wa mkono hauyafikii magurudumu. Ukikiondoa, gari linasikia kila kitu. Opereta aliniongezea ekspo mpaka karibu na mwisho, kimoja kimoja, nane baada ya nane, na kwenye nane ya mwisho gari likanyooka. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka na gari linakwenda kama limewekwa kwenye reli. Nilikwenda nyuma ya mti wa kiwanja nikajifanya najisaidia, nikalia.

Nikawa mtu wa kila Jumapili. Nikanunua gari langu. Mwezi wangu wa tatu pale nilimshinda fundi simu, baadaye nikamshinda nesi, ambaye hashindwi ovyo. Kabla ya mbio Opereta alichukua rimoti yangu, akaikagua, akanirudishia na soda. Mkono ulikuwa umepungua kutetemeka, na mimi sikushughulika nao tena. Nilijua ekspo ipo.

Halafu siku moja bwana mifugo aliazima rimoti yangu kulinganisha na yake. Akabonyeza bonyeza, akakunja uso.

"Ndugu yangu, mbona wewe huna ekspo?"

"Ninayo. Opereta kaniwekea."

"Njoo uone. Iko sifuri."

Niliona. Sifuri. Nikamtazama Opereta, alikuwa upande wa pili anamsemesha mama wa maharage. Kengele ya mbio ikagongwa, nikaingia uwanjani, na kwenye kona ya kwanza mkono ukarudi wote, mpaka bega, kama siku ile ya kwanza. Nikagonga matairi ya ukingo, gari likavunjika mguu. Nililiacha hapohapo nikaondoka.

Jumatatu nilimfuata Shanwe. Nilimkuta nje anachambua maharage kwenye ungo. Sikumwamkia vizuri, na hilo bado linaniuma.

"Ulinidanganya, Mama."

"Ndiyo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Akasogeza kigoda kwa mguu, nikakaa.

"Kila Jumapili nilipunguza namba moja," alisema. "Ukiwa unakunywa soda. Wiki nyingine nilikuona umechoka, nikaacha. Jana ilikuwa Jumapili ya sita unaendesha mtupu, bila ekspo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeendesha namba. Ungetazama namba, usitazame gari."

"Sasa nimejua, na mkono umerudi kama zamani. Afadhali usingenigusa kabisa."

Alichambua maharage muda mrefu. Jiwe moja alilitupa mbali sana, kuku wakalikimbilia.

"Nilidhani siku ukijua utafurahi," alisema. "Hapo nilikosea kipimo. Nisamehe, Dereva."

Yule mama, aliyesikia nyoka kwenye kitufe, alikuwa ananiomba msamaha mimi mhesabu magunia wa stoo. Niliona haya hata kumtazama. Akaniuliza, kwa sauti ya kazini kabisa, "Nikurudishie ekspo?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilishafika mdomoni. Lakini nilizikumbuka hizo Jumapili sita, na kwamba mkono ulioshinda mbio zile ulikuwa wangu na si wa namba, nikamwambia, "Usirudishe." Akajibu, "Nimekupata." Tukachambua maharage pamoja mpaka yakaisha.

Nisiwadanganye kwamba mambo yalinyooka. Jumapili zilizofuata nilikuwa wa mwisho, kisha wa mwisho tena, na nilipopata nafasi ya nne nesi aliniletea maandazi. Mkono ulikuja na kuondoka kama mvua za huku. Opereta hakuigusa tena rimoti yangu. Alisimama tu mbele yangu, mgongo kwa gari, akavitazama vidole, na sikuwahi kumwona akipepesa. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumkuta amesinzia wala amegeukia kando, mtu akiwa ameshika usukani. Fundi simu mmoja alitania kwamba hata kulala hulala jicho moja.

Miguu ndiyo iliyomshinda. Safari ya Shanwe hadi Kawajense ikawa ndefu, akawa anakuja na bodaboda, baadaye akawa haji. Mwaka huu, kabla ya masika, alitangaza kwamba anahamia Inyonga kwa dada yake, ambaye ana nyumba kubwa na mizinga ya nyuki, na wote wawili wamebaki wajane. Alikwenda mwenyewe kwa bosi wangu kuomba lifti, kwa kuwa Fuso lilikuwa linakwenda Inyonga tupu kuchukua tumbaku. Bosi akakubali. Asubuhi ya safari vyombo vyote vikawa vimepakiwa, kitanda, kabati, redio, kuku watatu kwenye tenga, na habari ikaja kwamba dereva amelazwa kwa malaria.

"Basi tungoje, Mama," bosi alisema. "Keshokutwa atakuwa amepata nafuu."

"Dereva si huyu hapa?"

Bosi akanitazama, nami nilikuwa nimeshika kamba ya kufungia mzigo. "Huyu hajashika gari tangu zile ng'ombe, Mama. Unajua mwenyewe."

"Nimemtazama mkono kila wiki. Wewe umemtazama lini?"

Bosi ni mtu wa heshima, akaniachia mimi. Opereta naye hakuongeza. Alikuwa anasubiri jibu langu kama alivyokuwa akisubiri watu wa porini. Nikasema, "Nitampeleka." Akasema, "Rudia." Nikasema tena kwa sauti.

Mkono ulianza kabla hata hatujavuka lami ya mjini. Nilikuwa nimeshika usukani mkubwa kama sinia, hakuna ekspo, hakuna namba, na kila mtikisiko wangu niliusikia. Opereta alikaa pembeni yangu, amefunga kilemba, tenga la kuku miguuni, macho kwenye mkono wangu kama uwanjani. Nilikwenda mwendo wa baiskeli. Tulipofika kwenye vumbi nikaona wachungaji wawili na kundi lao kwa mbali. Nikashika breki mapema sana, tukasimama kabisa, wakapita taratibu, na yule wa nyuma akanyoosha fimbo kushukuru. Nikamwitikia kwa Kisukuma. Shati lilikuwa limelowa mgongoni. Pale nilipowaua wale wengine napajua bila alama, na nilipapita mguu ukiwa juu ya breki.

Tulipoingia kwenye miombo nikashindwa kuvumilia. Nilitaka kusikia neno lake. Hukumu yake ndiyo niliyoitaka, ya bosi wala ya baba yangu sikuihitaji.

"Mama, unauonaje mkono?"

Kimya. Nikadhani anapima, anatafuta kitu kimoja cha kubadili. Nikangoja, nikapita daraja la mbao, nikabadili gia.

"Mama, bado unatetemeka, si ndiyo?"

Kimya tena. Nikaiba jicho pembeni. Miwani ilikuwa imeshuka mpaka ncha ya pua, mdomo wazi, kichwa kimelalia dirisha. Opereta alikuwa amelala. Alikuwa anakoroma polepole, na hata kukoroma kwenyewe hakukuwa kwenye noti yoyote.

Sikuwahi kupewa heshima kubwa hivyo na mtu. Nilifungua kioo nipate hewa, kisha nikakifunga haraka vumbi lisimwamshe. Kuanzia hapo nilisahau mkono. Nilikuwa na kazi ya mashimo. Kila shimo nililiona mapema nikalizunguka, kila tuta nikalipanda kwa upole, maana kichwa chake kilikuwa kwenye kioo na sikutaka kigonge. Kuku nao walinyamaza. Tulikwenda hivyo mpaka Inyonga, jua likiwa utosini.

Aliamka niliposimamisha gari mbele ya nyumba ya dada yake. Akarekebisha miwani, akatazama nje, akanitazama.

"Tumefika?"

"Tumefika, Mama."

"Mbona upesi hivyo?" alisema, na papo hapo akaanza kumgombeza dada yake kwa Kikonongo kuhusu mahali pa kuweka kabati. Tulishusha vyombo. Walinipa ugali na asali ya kubeba. Nilipomuaga alikuwa ameshakaa kibarazani, amenyoosha miguu, anasikiliza redio yake, ameiweka karibu na sikio kama kawaida yake. Nikamwambia nimesinzisha watu wengi garini lakini sikutegemea yeye. Alicheka mpaka akakohoa, akanipungia mkono niende kabla mvua haijaanza.

Tumbaku ilipakiwa alasiri. Nilipanda kwenye kabini, kiti cha pembeni kitupu, mkono wa kulia ukicheza kidogo juu ya usukani. Nikauacha ucheze. Nikaweka gia namba moja, nikaondoa gari, nikarudi Mpanda.